Mshumaa Uliogeuka Mwenge: Safari ya Kauli Moja Mashuhuri



Kila mwaka, Mwenge wa Uhuru unapokimbizwa mikoani, hurudi kusikika maneno ambayo Mtanzania wa rika langu hahitaji kuyasoma popote. Ni yale ya kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Mlima Kilimanjaro, umulike hata nje ya mipaka yetu, ulete tumaini, upendo na heshima kwa watu waliokosa mambo hayo. Tuliyakariri tukiwa shule ya msingi, tumesimama mstarini alfajiri. Nilipotoka chuo cha ualimu na kushika chaki, nami niliwakaririsha wengine. Kwa zaidi ya miaka thelathini darasani sikuwahi kujiuliza swali ambalo mwalimu wa lugha alipaswa kuwa wa kwanza kuliuliza: maneno haya yalisemwa lini, wapi, na kwa lugha gani?

Si kweli kwamba swali halikuulizwa. Liliulizwa, nami nikalizima.

Ilikuwa katikati ya miaka ya 1980, katika shule moja ya sekondari ya bara. Nilikuwa nikifundisha tamathali za semi, na kauli ya mwenge nilikuwa nimeiandika ubaoni kama mfano wa sitiari. Msichana mmoja wa Kidato cha Tatu akanyoosha mkono. Alikuwa na kitabu kikuukuu alichokitoa kwenye rafu ya baba yake, mkusanyo wa hotuba za Mwalimu Nyerere uitwao *Freedom and Unity*, uliochapishwa mwaka 1966. Akasema, "Samahani, Mwalimu. Humu hapakuandikwa mwenge. Pameandikwa mshumaa." Darasa likacheka. Nami, badala ya kukipokea kitabu na kukitazama, nikamjibu, "Kaa chini, mwanangu. Hicho ni Kiingereza tu. Kauli yenyewe ni hii iliyo ubaoni." Akakaa. Hakunyoosha mkono tena muhula ule.

Nimestaafu, nina nafasi ya kusoma niliyokuwa sina zamani, na kitabu kile nimekipata. Yule mtoto alikuwa amesema kweli. Wahenga walituachia methali kwamba amulikaye nyoka huanzia miguuni pake. Kwa hiyo kabla sijawasahihisha wengine, nimeona nianze kwa kulikiri kosa hilo, kisha niwasimulie kauli yetu ilivyosafiri.

Siku ya kauli yenyewe

Tarehe 22 Oktoba, 1959, Tanganyika ilikuwa bado chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, ikitawaliwa na Mwingereza. Gavana alikuwa Sir Richard Turnbull. Uchaguzi wa kura tatu ulikuwa umekwisha kufanyika kwa awamu mbili, mwaka 1958 na mwanzoni mwa 1959. Yaani kila mpiga kura alitakiwa kuwachagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. TANU na wale iliowaunga mkono walishinda, na Mwalimu Nyerere akawa kiongozi wa wajumbe waliochaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria, Dar es Salaam. Siku ile alisimama katika Baraza hilo na kuhutubia kwa Kiingereza.

Alichosema, kwa maana yake, ni kwamba amewahi kutamka mahali pengine kuwa watu wa Tanganyika wangependa kuwasha mshumaa na kuuweka kileleni mwa Kilimanjaro, ung'ae kupita mipaka yao, utoe tumaini mahali palipokuwa na kukata tamaa, upendo mahali palipokuwa na chuki, na utu wenye hadhi mahali ambapo awali palikuwa na fedheha tupu. Kisha akaongeza kwamba wao hawawezi kurusha roketi mwezini kama nchi nyingine, lakini waweza kurusha roketi za upendo na matumaini kwa wanadamu wenzao popote walipo.

Hapo pana mambo matatu ambayo sikuyajua nilipokuwa nikiwafundisha watoto wa watu.

La kwanza, neno alilolitumia ni la mshumaa. Mwenge haumo.

La pili, hata siku ile haikuwa mara ya kwanza. Msemaji mwenyewe anatuambia kuwa alikwisha kuyasema kwingine. Tarehe tunayoikariri ni ya maneno kuingia katika kumbukumbu rasmi za Baraza. Kuzaliwa kwake kulitangulia. Wanafunzi wa historia ya misemo watakutana na jambo hili mara nyingi: mwaka unaoandikwa kando ya kauli mashuhuri aghalabu ni mwaka wa karatasi, na midomo ilikwisha kutangulia.

La tatu, tumeacha roketi. Mwezi mmoja tu kabla ya hotuba ile, Septemba 1959, chombo cha Kirusi kiitwacho Luna 2 kilikuwa kimeufikia mwezi, na dunia nzima ilikuwa ikizungumzia roketi. Msikilizaji wa siku hiyo huenda aliichangamkia roketi kuliko mshumaa, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa habari ya mjini. Lakini habari ya mjini huchakaa. Roketi ya upendo ilibaki kitabuni, na nuru ya mlimani ikashuka hadi kwenye midomo ya watoto wa shule.

Kwa nini mshumaa haukudumu

Sasa tulitazame jambo hili kwa jicho la lugha, maana ndilo linalotukutanisha hapa.

Mshumaa ni neno lililotujia kutoka Kiarabu, nalo limekaa kwetu muda mrefu. Lakini likae vipi, mshumaa ni kitu cha ndani. Hukaa mezani, altareni, au pembeni mwa kitanda cha mgonjwa umeme unapokatika. Mswahili akisikia mshumaa umewekwa juu ya Kibo, penye theluji na upepo, swali lake la kwanza litakuwa utadumu dakika ngapi. Kwa msikilizaji wa Kiingereza taswira hiyo haina kasoro, kwani fasihi yake na ibada zake zimeizoea taa ndogo inayoshinda giza kubwa. Hata Injili ya Mathayo inazungumzia taa iwekwayo juu ya kinara, na mji uliojengwa mlimani usioweza kufichika. Na Mwalimu, aliyekuwa Mkatoliki, aliijua Injili hiyo vizuri.

Mwenge ni kitu kingine. Ni mafungu ya majani makavu au makuti yaliyokazwa pamoja na kuwashwa. Ni wa nje na wa njiani. Mrina asali hufukuzia nyuki kwa mwenge. Msafiri wa zamani alimulikia njia kwa mwenge. Upepo, ambao huuzima mshumaa, huuchochea mwenge. Tena mwenge haufanywi kwa jani moja. Lazima mengi yafungwe pamoja ndipo moto ukae. Kwa taifa lililokuwa likijifunza neno *umoja*, hiyo ni maana ambayo mshumaa haungeweza kuibeba.

Ipo na sababu ya sarufi. *Mshumaa* na *mwenge* yote ni majina ya ngeli moja, ile ya U-I. Ukiling'oa la kwanza na kulipanda la pili mahali pake, hakuna kiambishi hata kimoja kinacholazimika kubadilika: *umulike* inabaki *umulike*, *ulete* inabaki *ulete*. Sentensi haioneshi kovu. Kama neno lililobadilishwa lingekuwa la ngeli nyingine, tuseme *taa* au *kurunzi*, kila kitenzi kingepaswa kushonwa upya. Lugha yenyewe, kwa hiyo, iliurahisisha ubadilishaji huu na kuuficha.

Na kitenzi *kumulika* nacho kiliupendelea mwenge. Kiingereza cha hotuba kinasema nuru *ing'ae* kupita mipaka. Kung'aa ni kwa kitu kilichotulia mahali pake, kama nyota. Kumulika ni tendo la mtu aliyeshika mwanga na kuuelekeza anakotaka kuona. Mshumaa hung'aa, mwenge humulika. Kauli ya Kiswahili ina mkono ndani yake.

Mabadiliko mengine yasiyoonekana

Mabadiliko hayakukomea kwenye mshumaa. Kiingereza kimeiweka shida katika wakati uliopita: palipo*kuwa* na chuki, palipo*kuwa* na kukata tamaa. Kauli ya Kiswahili tunayoikariri imeiweka katika wakati uliopo: pal*ipo* na chuki, mahali ambapo *hakuna* matumaini. Tofauti hiyo ni ndogo kwa jicho na kubwa kwa maana. Msemaji wa Barazani alikuwa akiongea kana kwamba giza linaondoka. Mkariri wa Kiswahili, kila mwaka anapotamka, anasema giza lingalipo. Labda ndiyo sababu kauli haikuzeeka baada ya Uhuru, kwa kuwa kila kizazi kinaweza kutazama huku na huku na kuliona giza lake.

Vilevile jozi ya mwisho. Kiingereza kinatofautisha hadhi ya utu na fedheha. Kiswahili chetu kimeweka heshima dhidi ya dharau. Fedheha ni hali ya aliyetendewa, aibu anayobaki nayo moyoni. Dharau ni tendo la anayetenda, jicho baya la anayekutazama. Maneno ya Kiingereza yanamtazama aliyeumia. Maneno ya Kiswahili yanamtazama pia aliyeumiza. Sisemi lipi ni bora. Nasema ni mawazo mawili, na mwanafunzi anayeambiwa kuwa yote ni "maneno yale yale" amenyimwa somo.

Tusidhani kuwa jambo hili lingemshangaza Mwalimu mwenyewe. Alikuwa mfasiri. Tafsiri yake ya *Julius Caesar* ilitoka mwaka 1963, na *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969. Katika tamthilia hii ya pili, Shakespeare anamtaja mfanyabiashara mmoja. Nyerere akaandika *mabepari*, tena kwa wingi, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Mtu aliyeweza kufanya hivyo alijua fika kwamba kufasiri ni kuchagua, na kwamba neno likihamia nchi nyingine huvaa nguo za huko.

Neno likawa kitu

Kisha likatokea jambo ambalo hutokea kwa kauli chache sana duniani. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba, 1961, bendera ya Mwingereza ilipokuwa ikishushwa Dar es Salaam, Luteni Alexander Nyirenda alikuwa kileleni mwa Kilimanjaro akisimika bendera mpya na kuwasha mwenge. Kilele kile, ambacho Wajerumani walikuwa wamekiita kwa jina la mfalme wao, kikaitwa Uhuru. Mwaka 1964 mbio za Mwenge zikaanza. Mwenge unaowaka ukawekwa katika nembo ya taifa. Sarafu ya shilingi moja iliyotolewa mwaka 1966 ilikuwa na mkono ulioshika mwenge, na wengi wetu tuliinunulia karanga bila kuutazama.

Kuanzia hapo mshumaa haukuwa na nafasi ya kurudi. Nani angekimbiza mshumaa kutoka mkoa hadi mkoa? Tamathali iliyosemwa na mtu mmoja ilikuwa imekuwa chuma, moto na vumbi la barabarani, na chuma hicho kikarudi kuyatafsiri maneno ya mwanzo. Mtu akiisoma leo hotuba ya 1959 kwa Kiingereza na kukuta mshumaa, hudhani ni makosa ya mpiga chapa. Ndivyo nilivyodhani mimi, siku ile darasani, bila hata kusoma.

Chimbuko nyuma ya chimbuko

Msomaji mwenye masikio ya kishairi atakuwa amekwisha kuutambua ule mpangilio: penye hiki, kiletwe kile, penye chuki, upendo, penye kukata tamaa, tumaini. Wakristo wengi wanaujua kutoka sala maarufu ya amani iitwayo sala ya Mtakatifu Fransisko wa Assisi. Mfanano wa muundo na hata wa jozi mbili za maneno uko wazi kwa yeyote atakayeyaweka maandishi hayo mawili sambamba.

Lakini sala hiyo nayo ina kisa chake. Fransisko alifariki mwaka 1226. Sala haimo katika maandishi yake. Ilionekana kwa mara ya kwanza kwa Kifaransa, Desemba 1912, katika jarida dogo la Paris liitwalo *La Clochette*, bila jina la mtunzi. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, gazeti la Vatikani, *L'Osservatore Romano*, liliichapa kwa Kiitaliano. Baadaye, huko Ufaransa, ikachapwa kwenye kadi takatifu: upande mmoja picha ya Fransisko, upande wa pili sala. Kadi zikasambaa. Aliyetazama picha kisha akaigeuza na kusoma, aliyaunganisha mawili hayo mwenyewe. Katika miaka ya 1920 jina la Fransisko lilikwisha kuwekwa wazi chini ya sala, na leo ni vigumu kulibandua.

Nimekaa muda mrefu na habari ya kadi ile. Ni kadi ngapi za namna hiyo zinazozunguka katika simu zetu leo? Picha ya Mwalimu upande mmoja, maneno upande wa pili. Picha ya Shaaban Robert, na chini yake beti ambayo hata vina vyake havikai sawa. Hatuulizi, kwa sababu sura tunaiamini, na maneno yanatupendeza. Mtunzi asiyejulikana anapoteza kazi yake, na mtu mashuhuri anatwishwa asichokisema.

Ulimi wa watu nao ni mhariri

Nisieleweke kwamba kila badiliko ni wizi. Wapo wanaobadili kwa kutumia, na hilo ni uhai wa lugha. Chukueni mfano wa hotuba ya Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuivamia Kagera. Mwalimu alisema, kwa Kiswahili safari hii, kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Sikilizeni leo inavyosemwa katika kamati ya harusi au benchi la timu ya mpira: nia tunayo, sababu tunayo, uwezo tunao. Kitenzi *kumpiga* kimeachwa, na pamoja nacho vita vimeachwa. Kauli ikawa huru kuchangisha fedha za mchango wa bibi harusi. Na mpangilio umegeuka. Jemadari alianza na uwezo, kwa kuwa adui alitaka kujua kwanza kama tuna silaha. Wanakamati huanza na nia, kwa kuwa hicho ndicho wanachokuwa nacho kabla ya fedha. Watu wameihariri kauli ikafaa shida zao, na wala hawakukosea.

Kosa huja pale mwalimu, mwandishi au mshairi anapoichukua kauli iliyohaririwa na watu, akaifunga alama za kunukuu, akaweka jina na tarehe, na kuapa kuwa ndivyo ilivyotoka kinywani. Hapo ndipo nilipokosea mimi. Nilikuwa na haki ya kuupenda mwenge. Hadi leo naamini ni neno bora kuliko mshumaa kwa mlima ule na kwa watu hawa. Sikuwa na haki ya kumwambia mtoto aliyeshika ushahidi mkononi kwamba ushahidi haupo.

Kama ningekuwa na busara siku ile, ningemwita mbele ya darasa asome. Tungeandika *mshumaa* upande mmoja wa ubao na *mwenge* upande wa pili, tukaulizana ni kwa nini. Somo zima la sitiari, la ngeli, la tafsiri na la historia lingepatikana katika saa ile moja, na mwalimu wake angekuwa yeye.

Basi ombi langu kwenu, hasa vijana mnaotunga na mnaofundisha, si kubwa. Mkinukuu, tajeni mlikoikuta kauli. Ikiwa imefasiriwa, semeni imefasiriwa, na mtajeni mfasiri pale jina lake lilipo, kwa kuwa naye ni mtunzi. Ikiwa ni kauli ya watu, waachieni watu. Na mwanafunzi akinyoosha mkono akiwa na kitabu, kipokeeni kitabu kwanza.

Yule msichana sasa ni mama wa makamo, popote alipo. Kama anasoma haya, ajue kwamba ninamwomba radhi, nami namwekea ubeti huu:

Mshumaa ulisemwa, mwenge tukaupokea,
Lugha ya kwanza kanyimwa, nafasi ikapotea,
Darasani ukasomwa, mwalimu nikakosea,
Chanzo kisipotazamwa, ukweli hutokomea.